Ni Ndege Ileile au Nyingine? Jinsi Mtandao wa Vihisi vya Kijeshi Unavyotafuta na Kufuatilia Shabaha

Rada inapopata mwangwi wa ndege iliyo umbali wa km 100, jibu lake si nukta moja angani bali ni kipande cha anga. Umbali inaujua vizuri, pengine kwa kosa la mita 100, maana kupima umbali ni kupima muda wa wimbi kwenda na kurudi, na muda hupimika kwa usahihi mkubwa. Mwelekeo ndio unaoisumbua. Kosa la digrii 1 kwa umbali huo ni karibu km 1.75 kushoto au kulia. Kwa hiyo mahali ilipo ndege ni ukanda: mwembamba kwa upande wa umbali, mrefu kwa upande wa mwelekeo, na kadiri ndege inavyokuwa mbali ndivyo ukanda unavyozidi kurefuka.

Sasa weka rada ya pili inayoitazama ndege hiyo kutoka ubavuni. Nayo ina ukanda wake, ila umelala upande mwingine, na ndege iko pale kanda mbili zinapokatana, eneo la mita mia moja au mia mbili tu kila upande. Hakuna antena iliyopanuliwa wala mtambo ulioongezwa nguvu. Usahihi wote umetokana na kuunganisha.

Sababu ya pili ya kuunganisha ni umbo la dunia. Ukitaka kujua rada inaona mbali kiasi gani kabla upeo haujaifunika shabaha, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu inakoruka shabaha, kisha zidisha jumla hiyo kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Antena ya mita 16 na ndege inayoambaa mita 25 juu ya bahari hutoa 4.12 × (4 + 5), yaani km 37. Ndege ya mwendo wa mita 250 kwa sekunde humaliza umbali huo kwa dakika mbili na nusu. Kuizidishia rada hiyo nguvu hakusaidii kitu, kwa sababu tatizo ni mkunjo wa dunia. Kinachosaidia ni rada nyingine iliyo mbele zaidi au juu zaidi, na njia ya kuleta habari zake kwa wakati.

Lakini faida hizi zote zinasimama juu ya sharti moja. Kabla ya kukatanisha ukanda wangu na wako, lazima tuwe na hakika kwamba tunaangalia ndege moja. Ukikatanisha kanda za ndege mbili tofauti, utapata ndege ya tatu ambayo haipo. Waya, redio, kompyuta na skrini za mtandao wa kijeshi zipo ili kujibu swali hilo: hiki ninachokiona mimi na hicho unachokiona wewe ni kitu kimoja? Mitandao iliyoleta maafa iliteleza hapo mara nyingi zaidi kuliko kwenye ubora wa rada zenyewe.

Meza ya Bentley Priory

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Uingereza mwaka 1940, ilipokuwa ikishambuliwa na ndege za Ujerumani, kwa sababu kila kazi ambayo leo hufanywa na programu ilifanywa na watu kwa mikono, na unaweza kuiona.

Rada za pwani zilizoitwa Chain Home hazikuzunguka. Zilirusha mawimbi marefu, ya mita 10 na zaidi, kutoka kwenye milingoti ya chuma yenye urefu wa mita 110 hivi, zikaangaza eneo pana la bahari kwa mpigo mmoja. Umbali zilipima vizuri. Mwelekeo zilipima vibaya, kosa la digrii kadhaa likiwa jambo la kawaida, na urefu wa ndege ulihitaji ustadi na bahati. Ndege zilizoruka chini hazikuonekana kwa rada hizo, ndiyo maana ziliongezewa rada za Chain Home Low zenye wimbi la mita 1.5. Na zote zilitazama baharini: adui akishavuka ufuo, waliobaki kumfuatilia ni Observer Corps, watu wapatao 30,000 katika vituo kama 1,000, wakitumia macho, masikio na simu.

Hugh Dowding, mkuu wa Fighter Command, yaani kamandi ya ndege za kivita za Uingereza, hakuruhusu kila kituo cha rada kiwapigie simu marubani au makamanda. Vituo vyote viliripoti kwenye chumba kimoja cha kuchuja habari huko Bentley Priory, kaskazini mwa London. Ripoti ilikuwa fupi: mahali kwenye gridi ya ramani, urefu, makisio ya idadi ya ndege. Kuzunguka meza ya ramani walisimama wachujaji na wasaidizi wao, wengi wao wanawake wa WAAF, tawi la wanawake la jeshi la anga, na kazi yao ilikuwa ileile tuliyoanza nayo. Kwa kuwa umbali ulikuwa wa kuaminika na mwelekeo haukuwa, mchujaji aliupuuza mwelekeo kila alipoweza. Alichora tao la umbali kutoka kituo kimoja na tao jingine kutoka kituo jirani, akachukua mahali yalipokatana. Alijua pia tabia za vituo: hiki hukosea kuelekea kusini katika pembe fulani, kile huzidisha idadi.

Nukta zilizochujwa ziliunganishwa kuwa njia moja, njia ikapewa namba na hadhi: adui, rafiki, au X kwa isiyojulikana. Ndipo ikatumwa kwa simu, kwa wakati mmoja, kwenye chumba cha operesheni cha makao makuu, kwenye makundi (kamandi ndogo za mikoa) na kwenye sekta zilizoongoza ndege za kivita. Wote walipokea njia ileile kwa namba ileile. Wapo waliotaka kazi ya kuchuja igawanywe kwa makundi, kwa sababu chumba kimoja kingezidiwa siku ya mashambulizi mengi. Hoja yao ilikuwa na uzito, na kazi hiyo hatimaye iligawanywa. Lakini katika miezi ile ya hatari Dowding alikuwa sahihi: picha moja yenye kuchelewa kidogo ilifaa kuliko picha nne zinazopingana.

Kuchelewa kwenyewe kulishughulikiwa kwa saa ya ukutani. Uso wake uligawanywa vipande vya dakika tano tano vyenye rangi nyekundu, njano na buluu zikifuatana. Kibandiko kilichowekwa mezani kilichukua rangi ya kipande ambacho mshale ulikuwa ukipita wakati ripoti ilipofika, na rangi iliyopitwa iliondolewa. Ndege ya kilomita 300 kwa saa husogea km 5 kila dakika, kwa hiyo ripoti ya dakika kumi zilizopita si habari ya mahali ilipo ndege; ni historia. Kamanda alitazama meza mara moja akajua sio tu adui yuko wapi, bali pia habari hiyo ina umri gani. Skrini nyingi za baadaye zilisahau somo hilo na kuonyesha alama ya zamani kwa mng'aro uleule wa alama mpya.

Nusu nyingine ya kazi, ambayo husahaulika, ni kujua watu wako wako wapi. Redio za ndege za kivita za Waingereza zilifungwa kifaa cha saa kilichozirusha hewani sekunde 14 katika kila dakika. Vituo vitatu vya sekta vilipima mwelekeo wa sauti hiyo, mistari mitatu ikachorwa, na mahali ilipokutana ndipo kilipokuwa kikosi. Kwa kuwa sekunde 14 huingia mara nne katika dakika, sekta moja iliweza kufuatilia vikosi vinne kwa masafa yaleyale, kila kimoja kwa zamu yake.

Bei ya kukosa nusu hiyo ilikwisha kulipwa. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya nne ya vita, ripoti za adui zilifika mashariki mwa London. Ndege zilirushwa kumkabili. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba kituo cha rada cha Canewdon, Essex, kilikuwa na hitilafu iliyofanya mwangwi wa nyuma, upande wa nchi kavu, usomeke kama umetoka mbele, baharini. Basi kila ndege ya Uingereza iliyopaa ilihesabiwa kuwa adui mwingine, na kila adui mpya alifanya ndege zaidi zirushwe. Mwishowe ndege za Spitfire za kikosi cha 74 cha Uingereza zilidungua ndege mbili za Hurricane za kikosi cha 56, nazo za Uingereza, na rubani Montague Hulton-Harrop akafa. Hakuna Mjerumani aliyekuwapo. Hili ni kosa la mtandao kwa maana kamili: mfumo ulijilisha mwangwi wake wenyewe.

Kinyume chake kilionekana Hawaii tarehe 7 Desemba 1941. Rada ya Opana iliziona ndege za Japani zikiwa umbali wa zaidi ya km 200, saa moja na dakika mbili asubuhi, karibu saa nzima kabla ya mabomu. Kihisi kilifanya kazi yake. Lakini kwenye kituo cha habari cha Fort Shafter wahudumu wa meza walikuwa wamemaliza zamu na kuondoka, hakukuwa na afisa wa jeshi la majini wa kusema ndege zake ziko wapi, na luteni aliyebaki alijua tu kwamba ndege za B-17 za Marekani yenyewe zinatarajiwa kutoka California, karibu upande uleule. Akaona ndizo.

Kutoka nukta hadi njia

Kompyuta ilipochukua nafasi ya wachujaji, kazi iligawanyika katika hatua tatu zinazorudiwa bila kukoma: kutabiri, kuoanisha, kusahihisha. Kutabiri na kusahihisha ni hesabu tu. Kichujio alichochapisha Rudolf Kalman mwaka 1960 hufanya yote mawili kwa ufasaha: hubeba makisio ya mahali na mwendo, pamoja na kipimo cha shaka iliyomo katika makisio hayo. Muda ukipita bila kipimo kipya, shaka inakua. Kipimo kikifika, makisio husogezwa kukielekea, sana kama kipimo ni cha kuaminika, kidogo kama sivyo.

Kuoanisha ndiko kugumu. Tuseme rada inazunguka mara moja kila sekunde 10. Ndege yenye uwezo wa kupinda kwa mchapuko wa g 3 (mara tatu ya mvutano wa dunia) inaweza, ndani ya sekunde hizo, kuwa mita 1,470 mbali na pale ilipotabiriwa. Kwa hiyo programu lazima itafute mwangwi mpya ndani ya duara la nusu kipenyo cha karibu km 1.5. Katika duara kubwa hivyo huingia pia ndege jirani, kundi la ndege wa porini, mwangwi wa mlima. Ukiwa na rada tatu zisizozunguka kwa mpangilio mmoja, kipimo hufika kwa wastani kila sekunde 3.3, na mita 1,470 hushuka hadi 163, kwa sababu kosa hilo hukua kwa mraba wa muda. Muda umegawanywa kwa tatu, duara limepungua mara tisa kwa nusu kipenyo na mara themanini kwa eneo. Hapa ndipo mtandao unapolipa zaidi kuliko mahali pengine popote.

Mwangwi mmoja hautoshi kuanzisha njia. Kanuni ya kawaida ni kudai, kwa mfano, miangwi miwili katika mizunguko mitatu ndani ya duara linalokubalika, kisha kuithibitisha njia baada ya mingine kadhaa. Kuifuta vivyo hivyo: ikikosekana mizunguko mitano mfululizo, iondoke. Ukilegeza kanuni, skrini hujaa njia za uongo. Ukiikaza, kombora linalokuja kasi hutambuliwa likiwa limeshakaribia. Hakuna thamani moja iliyo sahihi. Bahari iliyochafuka hutaka ukazaji, anga tupu hutaka ulegezaji, na mafundi wazuri huweka kanuni tofauti kwa maeneo tofauti ya ramani ileile.

Ndege mbili zikipishana karibu, programu inayochagua mwangwi wa karibu zaidi kwa kila njia inaweza kubadilishana utambulisho: rafiki anatoka upande wa pili akiwa na namba ya adui. Tiba ya kwanza ni kuoanisha njia zote kwa pamoja badala ya moja moja, ili jumla ya makosa iwe ndogo kuliko yote. Tiba nzito zaidi, aliyoieleza Donald Reid mwaka 1979, ni kutoamua papo hapo: kompyuta hubeba dhana kadhaa sambamba na kusubiri vipimo vijavyo viamue. Dhana huzaliana kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo zile dhaifu hukatwa kila mzunguko, na ubora wa mfumo hutegemea sana ukataji huo.

Vihisi visivyotoa sauti

Kuna vihisi ambavyo havirushi wimbi lolote, husikiliza tu. Kipokezi cha redio hujua adui ametangaza kutoka upande gani, lakini si umbali. Vipokezi viwili vikichora mistari yao, shabaha iko mistari inapokutana. Ni rahisi, mpaka shabaha ziwe tatu. Kila kipokezi kina mistari mitatu, mistari hiyo hukutana mahali 9, na 6 kati ya hizo ni mizimu mitupu. Hakuna hesabu inayoweza kuitofautisha kwa mistari peke yake. Kipokezi cha tatu huondoa karibu mizimu yote, kwa kuwa ni nadra mistari mitatu ya uongo kukutana mahali pamoja. Njia nyingine ni kupima nani alisikia kwanza: wimbi la redio hutembea mita 300 kwa mikrosekunde moja, na tofauti ya muda kati ya vituo hutoa mkunjo ambao shabaha iko juu yake. Kwa hilo, saa za vituo lazima zikubaliane kwa sehemu ndogo sana ya mikrosekunde. Kwa sauti mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa milisekunde moja ni sentimita 34 tu.

Vihisi vya ardhini vina mantiki yake. Marekani ilivimwaga kwa ndege juu ya barabara za misituni Laos kuanzia mwaka 1967, katika mpango wa Igloo White: baadhi vilichoma ardhini na kusikiliza mtetemo, vingine vilining'inia mitini kwa parachuti na kusikiliza sauti. Ishara zilipokewa na ndege iliyozunguka juu, zikapelekwa Nakhon Phanom, Thailand, kwenye kompyuta za IBM. Kihisi kimoja kilijua tu kwamba kitu kimetikisa ardhi. Maana ilitoka kwenye mfuatano. Vikiwa na nafasi ya mita 200 na cha pili kikiitika sekunde 36 baada ya cha kwanza, mwendo ni kilomita 20 kwa saa na uelekeo unajulikana. Cha tatu kinatarajiwa baada ya sekunde 36 nyingine. Kisipoitika, lori limesimama, au limeingia kwenye maegesho yaliyofichwa, au betri imekwisha. Na kutofautisha hayo matatu ndiyo kazi yenyewe ya mchambuzi.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kwamba kihisi kilichodondoshwa kutoka kwenye ndege hakijui kimeangukia wapi. Kosa la mahali pa kihisi huhamia moja kwa moja kwenye mahali pa lori, na hakuna uchujaji unaoliondoa. Tena, bomu likishaanguka, ukimya wa vihisi ulisomeka kama lori limeharibiwa, wakati ungeweza pia kuwa vihisi vimeharibiwa au dereva amezima injini. Hesabu za malori yaliyodaiwa kuteketezwa zilipanda kiasi kwamba CIA ilizikata sana kabla ya kuzitumia.

Njia moja, namba mbili

Meli na vituo vinapobadilishana njia zilizokwisha kuchujwa, swali letu linarudi ngazi ya juu zaidi. Meli A ina njia yake na namba yake, meli B ina yake. Mtandao ukigundua ni ndege moja, namba moja hubaki na nyingine hufutwa. Ni utaratibu wa lazima, na ni wa hatari.

Tarehe 3 Julai 1988, Airbus A300 ya Iran Air, safari namba 655, ilipaa Bandar Abbas kwenda Dubai. Meli ya kivita ya Marekani Vincennes iliipa namba 4474. Meli nyingine, Sides, ilikwisha kuipa 4131. Mtandao uliona ni njia moja na kubakiza 4131. Namba 4474, ikiwa sasa huru, ilipewa ndege nyingine ya kijeshi iliyokuwa mbali sana, ikishuka. Wachambuzi waliorudia kumbukumbu za tukio wanaona hapo chanzo kinachowezekana cha mkanganyiko: walioiulizia 4474 walijibiwa kwamba inashuka, na ndani ya meli ikaaminika kwamba ndege inayokuja inajielekeza kushambulia. Kumbukumbu za kompyuta ya Vincennes yenyewe zilionyesha Airbus ikipanda muda wote. Kulikuwa na kosa la pili la jamii hiyohiyo: dirisha la kusomea ishara za utambulisho lilikuwa limeachwa kwenye eneo la Bandar Abbas, ambako ndege za kijeshi zilikuwa ardhini, na ishara ya kijeshi iliyosikika huko ikahusishwa na ndege ya abiria. Vincennes iliidungua. Watu 290 waliuawa, 66 kati yao watoto. Vihisi vilipima sawasawa; kilichokosewa ni kipimo kipi ni cha nani. Nani anakumbuka kwamba kila namba kwenye skrini ni mkataba wa muda tu, na mtandao unaweza kuubadilisha bila kumwambia aliyeishika kichwani?

Mfumo wa Link 16, ambao majeshi ya Marekani na washirika wake hutumia kupeana njia kwa redio, hupunguza msongamano kwa kanuni kwamba kila njia huripotiwa na mmoja tu, yule mwenye kipimo bora wakati huo. Wengine wanaoiona hunyamaza, na ubora ukihama, jukumu linahama. Kanuni hiyo pia hukinga dhidi ya ugonjwa mwingine, wa kuhesabu ushahidi mmoja mara mbili. Ukipata habari ileile kutoka kwa jamaa watatu, na wote wameisoma kwenye kundi moja la WhatsApp, bado una shahidi mmoja. Kompyuta isiyojua hilo huziona ripoti tatu, hupunguza shaka yake, na kuanza kukataa vipimo vipya vya kweli kwa sababu haviendani na uhakika wake wa bandia. Mwaka 1997 Simon Julier na Jeffrey Uhlmann walichapisha njia ya kuunganisha makisio mawili bila kujua kama yana asili moja. Matokeo yake huwa ya tahadhari, yenye shaka kubwa kuliko ilivyo lazima, lakini hayadanganyi. Jeshi la majini la Marekani lilichukua njia ya gharama zaidi katika mfumo wake wa Cooperative Engagement Capability: meli hupeana vipimo vyenyewe badala ya njia, na kila moja huchuja vyote kwa programu ileile, hivyo zote hufika kwenye picha moja.

Saa

Mwaka 1991, kikosi cha Marekani cha makombora ya Patriot, ya kudungulia makombora ya adui, huko Dhahran, Saudi Arabia, ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi, ule wa 0 na 1 unaotumiwa na kompyuta. Kwenye rejista ya biti 24 hubaki kosa la sekunde 0.000000095 kila mara. Baada ya saa 100 bila kuzimwa, kosa lilikuwa limefika sekunde 0.34. Kombora la Scud huenda karibu mita 1,700 kwa sekunde, kwa hiyo dirisha ambamo rada ilitarajia kuliona lilikuwa limehama kwa zaidi ya nusu kilomita. Rada ilitazama mahali pasipo na kitu na kuifuta njia. Kombora halikuzuiwa, na askari 28 walikufa tarehe 25 Februari. Waisraeli walikwisha kuripoti kwamba usahihi huharibika baada ya saa 8 tu, na vikosi vilionywa juu ya kuuendesha mfumo muda mrefu sana, bila kuambiwa mrefu ni kiasi gani. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Katika mtandao, kosa kama hilo halibaki kwenye kituo kimoja. Kituo kinachochelewa kwa sekunde moja huiweka ndege ya mita 250 kwa sekunde mita 250 nyuma ya pale vituo vingine vinapoiona, na programu huanzisha njia ya pili: ndege moja inakuwa mbili zinazofuatana. Kwa sababu hiyo kipimo lazima kigongwe muhuri wa muda pale kilipopimwa, sio pale kilipopokelewa.

Kuupima mtandao kabla ya kuutegemea

Njia ya kuaminika ni kurusha ndege yenye kinasa cha GPS, kwenda na kurudi katika mstari uleule, kisha katika mstari unaoukata, na kulinganisha kila kituo na rekodi ya ndege. Kila ugonjwa una dalili yake.

Kosa likielekea upande mmoja wa dira popote ndege ilipo na popote inapokwenda, kituo hakiko pale kinapodai kuwa. Mara nyingi si kosa la kupima bali la ramani. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ambayo hupishana na WGS 84 inayotumiwa na GPS kwa takribani mita 300. Kuingiza namba za moja kwenye mfumo wa nyingine ni rahisi mno.

Kosa likiwa la ubavuni na kukua na umbali, mita 520 ukiwa km 60 na mita 1,050 ukiwa km 120, kaskazini ya antena imepindika kwa nusu digrii. Angalia kwanza kama fundi alitumia kaskazini ya sumaku badala ya kaskazini halisi.

Kosa likiwa nyuma ya ndege, na likabaki nyuma ndege inapogeuza, ni saa. Vipimo vikitawanyika pande zote bila mpangilio, hizo ni kelele za kawaida, na kinachorekebishwa si kituo bali kipimo cha shaka ambacho kituo kimeandikiwa kwenye programu. Kituo kilichoandikiwa shaka ndogo kuliko ukweli kitawavuta wenzake wote.

Mpangilio wa kutibu ni muhimu: saa kwanza, halafu mahali, halafu kaskazini, mwisho kelele. Anayeanza na mahali hujidanganya. Kituo kinachochelewa kwa sekunde 0.2 huiweka ndege ya mita 250 kwa sekunde inayoenda mashariki mita 50 magharibi mwa ilipo. Fundi akikisogeza kituo kwenye ramani mita 50 mashariki, kila ndege inayoenda mashariki itaonekana sawasawa kabisa, na kila inayorudi magharibi itakuwa na kosa la mita 100.